Mkono wa Kukodi, Jina Liko Wapi?

Chukua kadi yoyote ya harusi hapa Lushoto. Maneno yote yamepigwa chapa, ila pale penye jina lako pana mstari wa nukta, na juu ya nukta pana mkono wa mtu. Kamati ilimtafuta: "Nani ana mwandiko mzuri?" Akapewa soda, au hela kidogo, akajaza kadi zote usiku mmoja. Vyeti vya shule navyo ni hivyo hivyo. Wapo pia wanaolipwa hasa kwa kazi hii: shairi la mchumba kwenye fremu, jina la mtoto mchanga, nasaha za babu za kutundikwa sebuleni.

Vijana wenzangu wa kalamu wanaibeza kazi hii. Eti huo ni urembo tu, si fasihi. Mimi nakataa, na sababu zangu zinatoka kwenye fasihi yenyewe.

Muyaka bin Haji wa Mombasa alifariki mwaka 1840. Mashairi yake yakabaki vinywani mwa watu. Aliyeyakusanya na kuyaandika kwa herufi za Kiarabu, akishirikiana na mmisionari Mwingereza W. E. Taylor, ni Mwalimu Sikujua bin Abdallah, aliyefariki mwaka 1890. Diwani ilipotoka Johannesburg mwaka 1940, mhariri alikuwa William Hichens. Muyaka tunamjua, Hichens tunamjua. Sikujua je? Na usidhani kazi yake ilikuwa kunakili tu kama mashine. Katika hati za zamani herufi moja iliweza kusomeka b au p, na alama moja ikasomeka i au e. Asiyelielewa shairi angeliharibu. Mwandishi wa khati alipaswa kuwa msomaji kwanza.

Mfano wa pili unaanzia mkoani kwetu. Ernst Dammann, mmisionari Mjerumani, alifanya kazi Tanga miaka ya 1930. Mwaka 1936 alifunga safari hadi Lamu kutafuta tenzi. Huko alikuwepo Muhamadi Kijuma: mshairi, mchonga mbao, na fundi wa khati. Wazungu walimlipa awaandikie tenzi kwa mkono. Hichens naye alikuwa mteja wake. Kijuma hakufanya kazi ya kulipua. Alipamba kurasa, na kazini mwake akatia jina lake. Alifariki mwaka 1945, na hadi leo wataalamu wanautambua mkono wake katika hati zilizohifadhiwa London na Ujerumani. Alikodiwa, ndiyo, lakini hakufutika.

Sasa turudi huku milimani. Kazi nyingi ninazoziona kwenye fremu zina makosa matatu, na wenyewe mtanisamehe. La kwanza ni la mteja: analipia mwandiko wa thamani kuandikia maneno ya kuokota, yale yale ya waridi na asali yaliyo kwenye kila kadi ya dukani. Mwandiko hauwezi kuyaokoa maneno hayo. Tena unayaumbua, kwa sababu msomaji anasoma polepole. La pili ni la fundi: mikia na vikonyo vingi mpaka S haijulikani kama ni S au nyoka. Majina yetu ya Kishambaa yanayoanza na She- ni marefu. Ukikosea herufi moja umeanzisha ukoo mwingine. La tatu ni letu sote: pembeni hakuna jina la aliyeandika. Si la mshairi, si la fundi.

Kwa hiyo ukienda kumkodi fundi, nenda na maneno yako mwenyewe, yaliyokwisha kukatwakatwa na kusahihishwa. Yaandike kwa herufi kubwa zinazosomeka, hasa majina. Mwombe akuonyeshe mstari mmoja wa majaribio kwenye karatasi ile ile na wino ule ule, maana kuna karatasi zinazonywa wino ukasambaa. Muulize kama wino unavumilia unyevu. Ukungu wetu wa asubuhi mnaujua. Mpe muda. Na mkubaliane tangu mwanzo kwamba chini kabisa, kwa herufi ndogo, ataandika jina lake na mwaka.

Wengine watasema hayo ni makubwa kwa kadi ya harusi. Sawa, lakini Sikujua hakujua kama tungekuja kumhitaji. Shairi ulilompa mchumba leo huenda ndiyo nakala pekee itakayobaki, daftari lako likishaliwa na mchwa.

Na wewe mwenye mwandiko mzuri, unayejaza kadi za watu kwa soda: weka bei, weka na jina.