Feni Isiyozima

Mpelekee fundi umeme mzuri gari lenye feni ya rejeta isiyozima, na kabla ya kugusa chochote atauliza: "Bosi, ukitoa ufunguo, inaendelea?" Kwa swali hilo moja ameshajua pa kuanzia. Feni inayonyamaza ufunguo ukitoka inamtuma kwenye swichi ya joto, nyaya zake na mfumo wa AC. Inayoendelea kuzunguka mwenye gari akiwa amelala ndiyo inayomaliza betri: mota yake huweza kula ampea 10 au zaidi, na betri ya ampea-saa 45 haiwezi kuilisha mpaka alfajiri.

Halafu anauliza kama umewahi kuisubiri. Magari kadhaa ya Ulaya yameundwa hivyo, injini moto ikizimwa feni inaendelea dakika chache kisha inajizima, na hapo hakuna ugonjwa wowote.

Sasa anafungua boksi la fyuzi na kuchomoa rilei ya feni. Ikiwa feni bado inazunguka, kuna moto unaoifikia kwa njia nyingine, mara nyingi waya ambao mtu aliuunga dairekti zamani. Namheshimu sana fundi anayeufuata waya huo mpaka mwisho wake. Wengine huukata na kufunga swichi ya mkono chini ya dashibodi, na siku dereva akisahau kuibonyeza kwenye foleni, gasketi ya silinda hedi inaungua.

Feni ikisimama, anairudisha rilei na kuigonga kidogo kwa mpini wa bisibisi. Ikizima kwa kugongwa, ncha za ndani zilikuwa zimeyeyushwa na cheche mpaka zikashikana. Ili ahakikishe, anaazima rilei ya honi, kama miguu yake inalingana.

Ila ufundi wenyewe nauona zaidi kwenye Corolla za miaka ya 1990. Nyingi kati ya hizo zina mpangilio wa kinyume. Maji yakiwa baridi, swichi ya joto inaipa koili ya rilei ethi, koili inavuta, ncha zinaachana, feni inatulia. Maji yakifika nyuzi 93 hivi, swichi inakata ethi na feni inaanza. Kwa hiyo waya ukikatika, feni inazunguka muda wote swichi ya gari ikiwa imewashwa. Waliouchora mpangilio huo waliona heri feni izunguke bure kuliko injini ichemke. Fundi anayelijua hilo anachomoa soketi ya swichi ya joto na kuugusisha waya kwenye bodi. Feni ikizima, rilei ni nzima na waya ni mzima. Swichi ndiyo mbovu. Asiyelijua hubadilisha rilei bure.

Na pale rilei inapokuwa ndiyo imekufa, wengi huweka mpya na kufunga boneti. Fundi mzuri anataka kujua kilichoiua. Anazungusha feni kwa mkono asikie kama ni nzito, anapima ampea inazovuta, kwa sababu mota yenye bushi zilizokwisha itachoma na hiyo mpya. Kisha anawasha injini, AC ikiwa imezimwa, na kusubiri feni iwake na kuzima yenyewe zaidi ya mara moja. Hana haraka. Mwisho anazima gari, anaunga mita kati ya betri na waya wa ethi, anaacha muda upite. Kwa kawaida isizidi miliampea 50. Ikizidi, anaanza kuchomoa fyuzi moja moja, maana kuna kitu kingine bado kinakula betri.