Diski Kabla ya Kufutwa

Siku hizi kupiga Windows au Linux kwenye kompyuta kumezoeleka mno, hata wengi wanadhani kazi yote ni kubonyeza "endelea" mpaka mwisho. Fundi wa kweli hujulikana kwa yale anayoyafanya wakati hajafuta kitu.

Kwanza anatoa nakala ya mafaili ya mteja, kisha anafungua kadhaa kati ya nakala hizo aone kama zinafunguka. Windows ikiwa itabaki humo, anaizima kabisa, maana ile ya kisasa ikizimwa kwa haraka huacha sehemu ya kazi zake imehifadhiwa kwenye diski. Ukiigusa sehemu ya diski yenye Windows katika hali ile, unaweza kuharibu mafaili. Kama BitLocker, ulinzi wa Windows unaofunga diski kwa ufunguo, imewashwa, anahakikisha mteja anao ufunguo wa kuifungulia.

Halafu anasoma diski. Kwenye Linux anaandika lsblk, na mbele yake vinatokea vitu viwili: sda yenye 465.8G na sdb ndogo, ambayo ni flashi ya kusakinishia. Mteja anaapa kwamba diski yake ni ya GB 500. Yuko sahihi: kiwanda huhesabu kwa 1,000, lsblk huhesabu kwa 1,024. Lakini ukubwa peke yake hautoshi, na jina halitoshi kabisa, kwa sababu sda ya leo yaweza kuwa sdb kompyuta ikiwashwa tena. Kwa hiyo anaangalia modeli na namba ya diski yenyewe, herufi kwa herufi. Uangalifu huu una sababu. Amri ya dd, inayotumiwa na wengi kuandika flashi, haiulizi swali lolote. Ukiielekeza pasipofaa, inaandika huko huko.

Tofauti na dd, fdisk, programu ya kugawa diski katika sehemu, inastahili sifa. Unaweza kufuta sehemu, kuunda nyingine, kubadili mawazo mara kumi, na diski isiguswe. Mabadiliko yote hukaa kwenye kumbukumbu mpaka ubonyeze w. Ukibonyeza q, unatoka na diski iko kama ulivyoikuta. Walioiunda waliwaheshimu watumiaji wake.

Sehemu hizo huorodheshwa kwenye jedwali la diski, ambalo huwa la MBR au la GPT. Jedwali la MBR, lililokuja na DOS 2.0 mwaka 1983, lina baiti 64 tu: nafasi nne za sehemu kuu, na kwa sekta za baiti 512 halivuki takriban TB 2. GPT kwa kawaida hubeba sehemu 128, tena huweka jedwali la akiba mwishoni mwa diski. La mbele likiharibika, programu ya gdisk inaweza kulijenga upya kutoka lile la nyuma.

Hata hivyo fundi makini haachii hapo. Anaandika sfdisk -d na kulihifadhi jedwali zima kwenye flashi nyingine, likiwa faili la maandishi la mistari michache linaloonyesha kila sehemu inaanzia sekta ipi na ina urefu gani.