Utani, Hofu na Kisu cha Uongo

Wachezaji wa ngoma ya nyoka huko Usukuma, kama wale waonekanao Bujora, karibu na Mwanza, katika sikukuu ya Bulabo mwezi wa Juni, wanajua jambo lisilojulikana na watungaji wengi wa sinema: kwamba hofu na kicheko ni ndugu. Pande mbili, Bagika na Bagalu, hushindana kwa wakati mmoja, na ushindi ni wa upande uliovuta watu wengi zaidi. Mchezaji humwinua chatu na kuwaelekea watazamaji. Watu hukimbia, kisha hurudi wakicheka, kwa kuwa walikuja wakijua watatishwa.

Kwa kipimo hicho yafaa kuipima “April Fool’s Day”, yaani Sikukuu ya Wajinga, sinema ya Kimarekani ya mwaka 1986 iliyoongozwa na Fred Walton. Msichana aitwaye Muffy awaalika wanachuo wenzake katika nyumba yake kisiwani. Kwanza ni mizaha ya kitoto: kiti kivunjikacho chini ya mgeni, bilauri ivujayo. Kisha wageni watoweka mmoja mmoja, na maiti zaonekana. Mwishoni Kit, akidhani anamkimbia muuaji, aingia kwa kishindo katika chumba ambamo “wafu” wote wamekaa wakicheka. Hakuna aliyekufa. Muffy alikuwa akijaribu biashara yake, maana ataka kuifanya nyumba hiyo kuwa mahali pa wageni wanaolipa ili watishwe.

Mtazamaji aweza kulalamika kwamba amepunjwa damu. Lalamiko hilo ni jepesi, kwa kuwa damu ya sinema yoyote ni rangi tu, na hii imekiri. Kosa zito liko kwingine. Chumbani mwa Nan, Muffy ameficha sauti ya mtoto mchanga anayelia, naye Nan ana siri chungu ya mimba iliyopita. Mzaha huo wachokonoa kidonda.

Hapa utani wa makabila ya Tanzania una la kufundisha. Mtani huweza kujilaza kaburini asitoke mpaka apewe chochote, na wafiwa wasikasirike, kwa sababu mbili: wamjua kuwa ni mtani, na zamu yao ikifika, nao watamtania katika msiba wake. Utani ni deni la pande mbili. Muffy amejipa ruhusa peke yake, na wenzake hawakujua kuwa wamo mchezoni.

Hata hivyo, sinema yalijua deni hilo. Baada ya karamu, Nan amvizia Muffy chumbani na kumpitisha kisu kooni. Damu yatoka, Muffy apiga yowe, kisha atambua kuwa kisu ni cha uongo. Tendo hilo laweza kuonekana kichekesho cha nyongeza, lakini ndilo linaloikamilisha hadithi: aliyetaniwa bila idhini ajitwalia haki ya kutania.

Lakini malipo hayakulingana. Kisu cha Nan hakikukata ngozi, ilhali kilio kile kiligusa msiba wa kweli. Aliyemkimbia chatu wa Bujora hurudi nyumbani mzima. Kwa Nan, sinema yaisha kabla ya kutuonyesha.