Adui Mbele ya Macho Mawili

Kila jicho huona kwa upande wake, na akili huziunganisha picha mbili kuwa moja yenye kina. Wheatstone wa Uingereza alilieleza jambo hilo mwaka 1838. Mwaka 2017, huko Paris, mpiga picha Karim Ben Khelifa aliutumia ufundi huo katika kazi iitwayo The Enemy, akishirikiana na Camera Lucida, France Télévisions na Shirika la Taifa la Filamu la Kanada. Mtazamaji huvaa miwani ya mtambo, kisha husimama kati ya wapiganaji wawili walio maadui. Wamo na watu wa Kongo yetu. Kila mmoja huulizwa: Adui yako ni nani? Amani ni nini?

Twaisifu kazi hii. Mpiganaji akutazamapo usoni, ni vigumu kumwita mnyama. Lakini sisi wa Goma, tulioona mji ukitekwa Januari 2025, twauliza: yuko wapi mama aliyekimbia na godoro kichwani? Wenye bunduki wamepewa sauti sawasawa. Yeye hakuulizwa neno. Ilitengenezwa pia ya kutazamwa kwa simu, nalo ni jambo jema, ila kwetu mega za kuipakua zanunuliwa kwa fedha ya unga.