Supra Iliyonyang'anywa Klachi

Tangu Supra ya A90 ivuliwe shuka Detroit, Januari 2019, wapenzi wa Supra wanagombana, na wengi wao wanamgombeza asiyehusika. Wanasema Toyota imeuza jina kwa BMW: injini ni B58 ya BMW, chesisi ni ya Z4 yao, gari lenyewe liliunganishwa na Magna Steyr kule Graz, Austria, na ukifunua boneti unakutana na vipuri vyenye nembo ya BMW. Kwa hiyo, wanahitimisha, hii si Supra. Mimi nasema ni Supra, ila ilinyang'anywa kazi ya mguu wa kushoto, na aliyeinyang'anya si BMW.

Kuazima si dhambi mpya kwa Toyota. 2000GT ya 1967 ilipita mikononi mwa Yamaha. 86 ya 2012 inavuta kwa injini ya Subaru. Na hiyo A80, Supra iliyotangulia mnayoiabudu, giaboksi yake ya gia sita, V160, ni ya Getrag, Wajerumani watupu. Sikumsikia mtu akilia. Tena ilikuwa giaboksi ya mkono, na hapo ndipo ugomvi wangu unapoanzia.

Jina lilikuwa limelala tangu A80 ilipoacha kutengenezwa 2002. Miaka 17 watu walisubiri. Siku lilipoamka, dirisha la mauzo lilikuwa na giaboksi moja tu: otomatiki ya ZF yenye gia nane. Hapakuwa na klachi hata kwa aliyetaka kuilipia zaidi. Sina neno na ZF yenyewe, ni otomatiki nzuri kuliko nyingi. Ninachouliza ni nani alikaa mezani akaona inatosha iwe peke yake.

Toyota, msiniambie haikuwezekana. Tangu 2016 BMW walikuwa wakiuza M240i yenye B58 hiyohiyo na gia sita za mkono. Injini ipo, klachi ipo, mshirika ndiye huyohuyo mliyekaa naye miaka mkichora gari. Msiniambie pia kwamba soko la gia za mkono limekufa, kwa sababu mwaka mmoja baada ya uzinduzi, 2020, Toyota hiyohiyo ilitoa GR Yaris ya tabo, silinda tatu, ikiwa na gia za mkono peke yake. Kwa hiyo walijua. Walijua kabisa, wakaamua kwamba mwenye Yaris anastahili klachi na mwenye Supra hastahili.

Utetezi unaobaki ni wa saa: otomatiki ina kasi zaidi. Kweli. Toleo la mkono lilipokuja baadaye, lilipimwa sekunde 4.6 kutoka sifuri hadi kilomita 100 kwa saa, na otomatiki 4.3. Sasa? A80 haikupendwa kwa hesabu za karatasini. Japani karatasi yake ilisema farasi 280, kwa kuwa watengenezaji walikubaliana wasitangaze zaidi ya hapo, na kila fundi alijua bloku ya chuma ya injini yake, 2JZ, inabeba zaidi ya hizo bila kulalamika. Ilipendwa kwa sababu ilimwachia dereva kazi. Hata mtangulizi wake, A70, ilipelekwa Safari Rally mwaka 1987 ikiwa inasukuma kwa magurudumu ya nyuma tu, na Lars-Erik Torph akaifikisha ya tatu nyuma ya Audi mbili za Mikkola na Röhrl zilizovuta kwa yote manne. Hilo ndilo jina mlilolirithi, Toyota. Kuliuza bila klachi ni kumwalika mpiga ngoma harusini kisha kumpa kiti cha wageni.

Na bado A90 ya kwanza kabisa ilipigwa mnada Januari hiyohiyo ya 2019 kwa dola milioni 2.1. Fedha zilikwenda kwenye hisani, basi ninyamaze.

Kwa haki, usukani wa A90 unauma barabara, uzito umegawika nusu kwa nusu mbele na nyuma, na chesisi hiyo fupi inageuka unapoiambia. Hayo yamefanywa vizuri.

Matundu ya hewa, hapana. Wanaonisoma siku nyingi wanajua ninavyoyachukia matundu ya uongo, na A90 imeyavaa kama hirizi: kwenye boneti, mlangoni, nyuma karibu na taa, yote yamezibwa plastiki. Tuliambiwa kwamba wanaokwenda mashindanoni wanaweza kuyazibua. Basi mngeyazibua nyinyi.

Turudi kwenye gia. Mwaka 2022 klachi ikaja, na kinachoniudhi ni kwamba ilikuja vizuri. Uwiano wa difu ulibadilishwa kutoka 3.15 hadi 3.46 ili gari lichomoke chini, programu ikawekwa ya kupandisha mizunguko ya injini unaposhusha gia, kiweko cha katikati kikachorwa upya ili mkono usigonge kitu, na uzito ukapungua kilo 21.8. Hiyo ndiyo Supra iliyopaswa kusimama Detroit. Walipotoa A90 Final Edition ya kuagia, waliiwekea gia za mkono pekee, bila hata chaguo la otomatiki. Yaani chumba kilekile kilichoikataa klachi mwanzoni ndicho kilichoona jina haliwezi kuzikwa bila hiyo.

Anayetafuta A90 iliyotumika aanzie 2022, lita tatu, pedali tatu. Ile ya lita mbili, silinda nne, nyepesi puani na yenye haki zaidi ya klachi kuliko dada yake, haikuipata kamwe, na sijapata maelezo yoyote ya kuniridhisha.