Mkia Uliobaki Njiani: Namna Ndege Zinavyogongana Zikiwa Ardhini

Barabara ya viungio, yaani njia inayoipeleka ndege kutoka maegesho hadi barabara ya kurukia, huchorwa katikati mstari wa njano, na rubani anayeufuata kwa gurudumu la mbele huwa na hakika kwamba mabawa yake hayatagusa jengo, nguzo wala kizuizi kingine cha kudumu. Hakika hiyo haiihusu ndege nyingine iliyosimama kabla haijamaliza kutoka njiani.

Pengo hilo lilidhihirika usiku wa tarehe 11 Aprili 2011, katika uwanja wa John F. Kennedy, New York, pale Airbus A380 ya Air France, iliyokuwa ikienda kuruka na watu 520, ilipougonga kwa ncha ya bawa la kushoto mkia wa ndege ndogo ya Comair, aina ya CRJ-700, iliyotoka Boston na watu 66. Ndege ndogo ilikuwa imekwisha kugeuka kuelekea maegesho, ikasimama kusubiri nafasi, na mkia wake ukabaki ndani ya eneo la kupita mabawa ya A380, ambayo yana upana wa karibu mita 80, kiasi kwamba kila ncha hupita takriban mita 40 kutoka kwenye mstari.

Mkia wa CRJ una umbo la herufi T, yaani kibawa chake cha ulalo kimewekwa juu kabisa, na hicho ndicho kilichokutana na ncha ya bawa. Kwa kuwa magurudumu makuu hukaa karibu na kitovu cha uzito, ilhali mkia uko mbali nyuma yake, nguvu inayosukuma mkia kutoka ubavuni hufanya kazi kama mkono mrefu wa wenzo. Ndiyo maana ndege nzima ilizunguka. Hakuna aliyejeruhiwa.

Kuwalaumu marubani pekee hakutoshi. Mwaka 2012 Bodi ya Taifa ya Usalama wa Usafirishaji ya Marekani ilieleza kwamba katika ndege kubwa za aina hiyo rubani hawezi kuona ncha za mabawa yake asipofungua dirisha na kutoa kichwa nje, jambo ambalo mara nyingi haliwezekani, ikapendekeza vifaa vya kuzuia migongano, kama vile kamera, vifungwe katika ndege mpya na zilizopo. Marubani wa ndege ndogo nao hawauoni mkia wao.

Tarehe 10 Septemba 2024, huko Atlanta, ncha ya bawa la Airbus A350 iliukata mkia mzima wa CRJ-900 iliyokuwa ikisubiri kuruka, na safari hiyo pia watu walinusurika. Kamera za ncha za mabawa zinastahili kuwa sharti la kisheria, kabla mgongano wa namna hii haujaua abiria.