Brashi ya Waya Iliyoharibu Stesheni

Stesheni ile ya modeli ilikuwa nzuri hadi mjenzi aliposhika brashi ya waya. Walioitazama video ya ujenzi wake wanaikumbuka dakika yenyewe. Kuta za plastiki zinazoiga klapbodi, yaani mbao za ukutani zinazolaliana, zimeshakatwa, mistari ya mbao inakutana pembeni kwa kimo kilekile, fremu za madirisha zimetokeza mbele ya ukuta inavyotakiwa. Ndipo brashi ikapitishwa kwa nguvu, kutoka kushoto kwenda kulia, ukuta baada ya ukuta, ili zionekane nyuzi za mbao. Kazi iliharibikia hapo.

Hesabu yake ni fupi. Skeli ya HO, ambayo modeli hii inaifuata, ni 1:87. Mchubuko wenye kina cha milimita 0.1 ukikuzwa hadi ukubwa halisi unakaribia milimita 9. Ubao wa klapbodi, kwenye ukingo wake wa chini ulio mnene kuliko kwingine kote, huwa na kama milimita 12. Basi stesheni hii imevikwa mbao zilizochimbwa takriban robo tatu ya unene wake, na huko juu zinakoishia kwa wembamba zingekuwa zimetoboka. Ukuta wa namna hiyo hauzuii mvua.

Tena hili si banda lililotelekezwa. Ni stesheni ya mji mdogo wa Marekani wa miaka ya 1930, yenye rangi mbili za kampuni ya reli, na rangi ya mafuta ikipakwa juu ya nyingine huziba nyuzi. Anayeitazama modeli akiwa umbali wa sentimita 60 ni sawa na mtu aliyesimama mita 52 kutoka kwenye jengo lenyewe. Kutoka huko haoni nyuzi hata moja. Anachoona ni kivuli chembamba chini ya kila ubao, na kivuli hicho ndicho kinachoifanya klapbodi iwe klapbodi.

Kosa la kwanza likazaa la pili. Wino mweusi uliozimuliwa kwa spiriti, ambao ungetulia vizuri chini ya mbao, ulikimbilia kwenye michubuko. Vivuli vikamezwa na michirizi.

Lawama si ya mjenzi peke yake. Safu hii haijachoka kuwalalamikia watengenezaji wanaochonga nyuzi kwenye kalibu za plastiki, halafu wakaziita uhalisia. Gurudumu la meno la kutobolea matundu ya misumari nalo ni la kundi hilohilo: kichwa cha msumari cha milimita 8 hakifiki milimita 0.1 katika HO, lakini matundu tunayooneshwa yangepitisha kidole cha mtu.

John Allen, mjenzi wa reli za modeli, hakuhitaji vituko hivyo. Kwenye reli yake ya Gorre & Daphetid huko Monterey, California, aliyoijenga hadi alipofariki Januari 1973, uchakavu ulibebwa na rangi: vumbi, kutu, masizi, kila kimoja mahali kinapostahili. Alifanya hivyo wakati modeli nyingi bado zilikuwa zinang'aa kama zimetoka dukani. Hata mjenzi mwingine, George Sellios, anayeshutumiwa kuwa alizidisha uchakavu katika miji ya reli yake ya Franklin & South Manchester, alizidisha kwa rangi na matangazo ya ukutani. Mtazamaji akizikumbuka kuta zake, hukumbuka mtaa mzima wenye maisha magumu.

Paa la stesheni hii limepakwa vizuri. Jukwaa pia.

Kuta zinaweza kuokolewa kwa kubadilishwa. Karatasi ya plastiki yenye nafasi ya inchi 0.040 kati ya mistari inatoa mbao za karibu sentimita 9 kwa kipimo halisi, na zinaufaa mji ule. Iguswe na msasa laini tu ili rangi ishike. Maungio ya mbao yakatwe kwa ncha ya kisu, yakipishana mstari hadi mstari, na pasiwe na ubao unaozidi milimita 56, yaani futi 16 kwa kipimo halisi. Baada ya rangi ya msingi, mbao chache zipewe weupe au ukijivu kidogo kuliko jirani zake. Rangi ibanduke upande wa jua kali na chini, matone ya paani yanakorushia matope. Wino uje mwisho, mwepesi sana, ukielekezwa kwenye vivuli. Na brashi ya waya ibaki kwenye kazi ya kusafishia tupa.